Masidi Ndani ya Manowari: Maisha ya Mabaharia Wetu Katika Meli za Moshi na Tanga

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu wasomaji, wazazi na watoto wetu, katika safu yetu ya historia leo tunatoka huku bara tuliko na kuteremka mpaka baharini. Tutaanza na neno moja ambalo sote tunalijua: manowari. Watoto wengi wanadhani ni neno la Kiarabu kwa jinsi linavyosikika. Siyo. Ni neno la Kiingereza lililosikiwa na watu wa pwani wakaligeuza likawa letu, na maana yake katika Kiingereza cha zamani ni meli ya vita. Neno haliingii katika lugha bila watu kuwa wameishi na kitu chenyewe. Wazee wetu waliziona manowari, wakazipakia mizigo, wakaziongoza katika miamba, na wengine wakafanya kazi ndani yake miaka na miaka. Hao wa mwisho ndio tunaotaka kuwazungumzia. Katika vitabu vya meli waliitwa Masidi.

MELI ZENYEWE ZILIKUWAJE

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia mwaka 1837 mpaka 1901. Alipoanza kutawala, nguvu ya manowari ilikuwa tanga. Alipofariki, nguvu yake ilikuwa makaa ya mawe. Katikati hapo palikuwa na miaka mingi ambapo meli ilikuwa na vyote viwili: milingoti na matanga juu, mashine na matanuri chini, na dohani ya moshi ikisimama katikati ya kamba.

Kwa nini hawakuacha tanga mara moja? Sababu ni makaa. Mashine za wakati ule zilikula makaa mengi mno, na vituo vya kuyanunulia vilikuwa mbali mbali. Upepo Allah huutoa bure. Kwa hiyo safari ndefu ilikwenda kwa tanga, na moshi uliwekewa siku ya shwari, siku ya vita, au siku ya kuingia bandarini.

Mfano mzuri ni manowari Warrior, iliyoshushwa majini mwaka 1860 na ambayo mpaka leo imehifadhiwa Portsmouth, Uingereza. Ilichukua watu wapatao 700, ilikuwa na boila 10 na matanuri 40, na iliweza kubeba makaa tani 850. Ilipotaka kwenda kwa tanga tupu, rafadha yake ya tani 26 ilivutwa juu kwa kamba na mikono ya mamia ya watu, ili isiizuie meli majini, na dohani zikashushwa ili zisikinge upepo. Ilipotaka moshi, kazi yote ile ikarudiwa kinyume chake.

Manowari zilizozunguka bahari yetu nyingi zilikuwa ndogo kuliko hiyo. Iko moja ya aina hiyo iliyosalia, inaitwa Gannet, ya mwaka 1878, nayo imehifadhiwa Chatham. Urefu wake ni kama mita 52 tu, mbavu za chuma na mbao za msaji, na ilichukua watu wapatao 140. Ilipita doria Bahari ya Shamu kuwafuata wafanyabiashara ya watumwa, na mwaka 1888 ilipigana Suakin, pwani ya Sudan.

SIKU MOJA NDANI YA MANOWARI

Siku ya baharia iligawanywa kwa kengele. Kengele iligongwa kila nusu saa: moja, mbili, mpaka nane, kisha hesabu ikaanza upya. Watu waligawanywa makundi mawili, wakapokezana zamu za saa nne nne. Lakini ule muda kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku ulikatwa zamu mbili fupi za saa mbili mbili, ili zamu ziwe saba kwa siku, na kundi lililolala mapema jana lisilale mapema leo pia. Sisi Waislamu tunaelewa upesi jambo la kugawa siku kwa nyakati. Zamu ile fupi ya pili, saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku, ndiyo ambayo huku kwetu Magharibi na Isha huingia.

Kabla jua halijachomoza mabaharia waliamshwa kwa filimbi na makelele. Walilala katika machela za turubai zilizotundikwa darini. Kila mtu alipewa nafasi ya upana wa kama shubiri mbili tu, ubavu kwa ubavu na mwenzake. Machela ilikunjwa, ikafungwa kwa kamba na kuwekwa mahali pake. Kisha wakapiga magoti pekupeku kusugua sitaha kwa mchanga, maji na jiwe, mpaka mbao zikawa nyeupe. Baada ya hapo kusafisha shaba, kusafisha mizinga, mazoezi ya kupanda milingoti, mazoezi ya silaha, na kushona matanga yaliyochanika. Siku maalumu za wiki zilikuwa za kufua nguo, na alasiri moja iliachwa kwa ajili ya kushona na kutia viraka. Jumapili nahodha aliwakagua wote wakiwa wamepangwa safu, ikasomwa ibada ya Kikristo.

Watoto wetu mnaolalamika kuamshwa Alfajiri, hebu fikirini: wapo waliokuwa wakiingia katika jeshi hilo wakiwa na miaka 15, na kazi yao ilikuwa kupanda mlingoti usiku wakati wa mvua na dhoruba.

Adhabu ilikuwa kali. Mjeledi ulitumika mbele ya watu wote, mpaka mwaka 1871 uliposimamishwa wakati wa amani, na mwaka 1879 ukasimamishwa hata wakati wa vita.

CHAKULA NA KINYWAJI

Chakula kilikuwa biskuti ngumu kama tofali, nyama ya ng'ombe ya chumvi, nyama ya nguruwe ya chumvi, supu ya njegere, na kakao asubuhi. Maji ya ndimu yalitolewa kuzuia kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga unaoozesha ufizi. Na kila siku adhuhuri iligawiwa ramu. Kuanzia mwaka 1850 kipimo kilikuwa kama mililita 70 kwa mtu, ikichanganywa na maji. Aliyeikataa alipewa fidia kidogo badala yake. Desturi hii ilidumu miaka mingi mno. Ilifutwa mwaka 1970.

Nguruwe na pombe, ndugu zangu! Sasa mfikirieni kijana wa Kiislamu wa Unguja, Lamu au Ngazija aliyeingia humo kutafuta riziki.

MASIDI WALIKUWA NANI

Serikali ya Kiingereza ilikuwa na utaratibu wa kuandika watu wa pwani zilizo karibu na vituo vya manowari. Afrika Magharibi waliwaandika Wakru wa pwani ya Liberia. Katika Bahari ya Hindi waliwaandika watu wetu, na kuwaita Masidi, jina lililokuwa likitumika kule India kwa watu wenye asili ya Afrika. Waliandikwa Zanzibar, Aden na Bombay. Wengi walikuwa Waislamu. Wengine walikuwa watu huru, wengine watumwa walioachwa huru, na wapo walioletwa pwani wakiwa watoto kutoka pande za Ziwa Nyasa au Manyema, wakakulia mjini na kusilimu.

Waliwekwa chini ya mkuu wao waliyemwita tindali, neno lililotoka India, na yeye ndiye aliyepokea amri na kuwafikishia wenzake. Mshahara wao ulikuwa chini kuliko wa Mzungu aliyefanya kazi kama yao. Kazi zilikuwa za aina tatu.

Kwanza, kuvuta makasia katika mashua. Pili, ukalimani, kwani afisa wa Kiingereza hakuweza kusema na nahodha wa jahazi bila wao. Tatu, na ndiyo nzito kuliko zote, kuchochea moto.

Huko chini kwenye matanuri hapakuwa na upepo wala mwanga isipokuwa wa taa na wa moto wenyewe. Katika bahari zetu, na hasa Bahari ya Shamu, joto lilifika nyuzi 50. Mtu alisimama na beleshi mbele ya mlango wa tanuri, akatupa makaa, akayasambaza kwa chuma kirefu, akakwangua majivu, na majivu yakapandishwa kwa ndoo na kumwagwa baharini. Zamu saa nne. Wakubwa wa meli waliamini kuwa Mwafrika hahisi joto kama Mzungu, kwa hiyo kazi hiyo wakaielekeza kwake. Sisi tunasema joto ni joto, na jasho la mja mmoja halina tofauti na la mwingine.

Siku ya kupakia makaa ilikuwa balaa kwa kila mtu. Magunia yalibebwa mgongoni mchana kutwa, vumbi jeusi likaingia machoni, kifuani, ndani ya chakula. Meli iliyokuwa nyeupe asubuhi ilikuwa nyeusi jioni, na kesho yake kusugua kukaanza tena.

MANOWARI LONDON BANDARINI ZANZIBAR

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la watumwa. Mkataba peke yake hautoshi. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na mashamba ya Pemba yakataka watu wa kuyalima. Majahazi yakaendelea kuvuka usiku.

Ndipo mwaka 1874 ikaja manowari London, meli kuukuu ya mbao iliyoshushwa majini Chatham mwaka 1840, iliyopigana Sevastopol mwaka 1854 na kutiwa mashine mwaka 1858. Ilitia nanga mbele ya mji wa Zanzibar ikakaa mpaka mwaka 1883. Ilikuwa hospitali, karakana na ghala. Kutoka kwake zilitoka mashua ndogo kwenda kuvizia katika vihori vya Pemba, wiki kadhaa kwa mara moja. Watu walilala humo humo ndani ya mashua, jua la mchana juu yao na mbu wa mikoko usiku. Homa iliua wengi kuliko risasi. Na Masidi walikuwa katika mashua hizo, wakivuta makasia na kuongea na majahazi kwa Kiswahili.

Mwezi Desemba 1881 mkubwa wa London mwenyewe, Kapteni Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipoisogelea jahazi moja iliyobeba watumwa. Kaburi lake liko kisiwa cha Chapwani, mkabala na mji wa Zanzibar, na watu hulizuru mpaka leo.

TUSEME UKWELI PANDE ZOTE

Hapa tunaomba tusimame kidogo, maana historia siyo ya kujisifu.

Waingereza hupenda kusimulia habari hii kama habari ya wema wao. Wema ulikuwapo, lakini palikuwa na fedha pia. Mabaharia walilipwa zawadi kwa kila mtumwa waliyemwokoa, na pengine kwa ukubwa wa jahazi waliyoiharibu. Kwa sababu hiyo majahazi ya wafanyabiashara wa halali nayo yalichomwa moto, na malalamiko yakawa mengi mpaka mwisho wa miaka ya 1860 maafisa wakapewa masharti makali zaidi.

Lakini na sisi tusijifiche. Waliokuwa na majahazi yale, na mashamba yale ya mikarafuu, wengi walikuwa Waislamu waliosali na kufunga. Qur'ani Tukufu imeihesabu kazi ya kumwacha mtumwa huru kuwa katika njia ngumu ya wema. Bilal (R.A.) alikombolewa kutoka katika mateso akawa muadhini wa Mtume (S.A.W.). Walijua hayo, na bado wakawapakia watoto wa watu chini ya sitaha. Hata katika mji wa Zanzibar kazi nyingi za kubeba mizigo zilifanywa na vibarua waliokuwa watumwa wa kukodishwa, na sehemu ya ujira wao wa kila siku ikachukuliwa na bwana. Neno letu "kibarua" linatokana na kile kikaratasi alichopewa mtu kama huyo. Utumwa kisheria uliondolewa Zanzibar mwaka 1897 tu.

Kwa hiyo katika usiku mmoja huko Pemba unaweza kuwakuta Waislamu watatu mahali pamoja: mwenye jahazi, mtumwa aliyefungwa ndani ya jahazi, na Msidi anayevuta kasia kuifuata. Wote wakielekea Qibla kimoja. Hili linauma, na ni lazima liume.

WALIOOKOLEWA WALIKWENDA WAPI

Watu walioteremshwa kutoka majahazini hawakurudishwa kwao. Wengi walipelekwa Bombay, Aden, Shelisheli, Morisi au Natal. Wengine walikabidhiwa kwa wamisionari, na mwaka 1875 pakaanzishwa kijiji cha Frere Town karibu na Mombasa kwa ajili yao.

Mwaka 1873 manowari Briton, nayo ya moshi na tanga, iliwateremsha watu zaidi ya 100 Durban. Wengine waliwafuata mpaka mwaka 1880, jumla yao ikapita 500. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini wenyeji waliwaita Wazanzibari. Waliwekwa kazini kwa mikataba ya miaka kadhaa, mbali na kwao na mbali na bahari yao. Wakashika dini yao. Waislamu wa Kihindi wa Durban waliwasaidia kupata ardhi eneo la Bluff, wakajenga msikiti na madrasa. Kisha katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ikawaondoa hapo na kuwahamishia Chatsworth. Wajukuu zao wapo, na ni Waislamu, alhamdulillah. Bila msikiti na madrasa hakuna ambaye leo angejua walikotoka.

MAJINA

Tunakuja kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Karani wa meli alipomwandika Msidi hakuwa na haja ya kujua baba yake ni nani. Aliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia, au akampa mtu jina la utani la Kizungu, la kuchekesha, na ndilo likabaki kitabuni. Sisi ni watu wa "bin" na "binti". Mtu wetu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na Uislamu umekataza kumnasibisha mtu na asiye baba yake. Humo katika vitabu ukoo ulikatwa.

Masidi wametajwa katika orodha za medali za vita, na wapo waliozikwa katika makaburi ya kale ya Seaforth, mjini Simon's Town, Afrika Kusini, ambako manowari za Kiingereza zilikuwa na kituo. Walivuta, walichochea, walitafsiri, walikufa. Kazi zao ziliandikwa vizuri. Ni nasaba zao zilizopotea, na mjukuu anayemtafuta babu yake leo atapita juu ya jina lake bila kulitambua.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Historia ya bahari ni yetu pia. Mtoto akiona picha ya manowari ya kale yenye moshi na matanga, mwambieni kuwa chini yake, kwenye moto, huenda palikuwa na mtu aliyesema Kiswahili na aliyejua Alhamdu.

2. Riziki ya halali mara nyingi ni ngumu. Tuwaheshimu wanaofanya kazi za joto na vumbi, wapishi, wachimbaji, wachukuzi, na tuwalipe kabla jasho lao halijakauka kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.).

3. Dhulma haigeuki kuwa nzuri kwa sababu aliyeitenda ni wa dini yetu.

4. Tuandike majina. Sisi wa nchi hizi za bara wengi wetu babu zetu walikuja na misafara, wengine wakiwa wafanyabiashara, wengine wachukuzi, wengine watumwa. Kaeni na bibi na babu Ijumaa hii baada ya sala. Waulizeni: fulani bin nani, bin nani, alitoka wapi, alifika mwaka gani. Andikeni katika daftari, na mlihifadhi. Kama jibu lina aibu ya utumwa ndani yake, liandikeni vile vile. Aliyedhulumiwa hana aibu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu mabaharia wale, wenye majina yanayojulikana na wasiojulikana, maana kwake hakuna jina lililopotea. Awarehemu waliokufa wakiwa wamefungwa ndani ya majahazi. Na atusamehe sisi na waliotutangulia katika imani. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.